Umeme Ukikatika, Mashine Ikumbuke Nini?

Mhadhara uliotolewa mbele ya mafundi, wanafunzi wa ufundi na wakazi wa Tabata, Dar es Salaam



Nimekuja na jambo moja. Nataka tuzungumze juu ya kinachotokea ndani ya mashine za viwandani umeme unapokatika, hasa ndani ya kile kisanduku kinachoziongoza, ambacho mafundi wote tunakiita PLC. Kwa wasiokifahamu, hii ni kompyuta isiyo na kibodi, imefungwa ndani ya paneli ya chuma. Inapokea habari kutoka kwenye swichi na vihisi, inafuata programu iliyoandikwa na fundi, kisha inaamuru mota, vali na pampu. Unga, sabuni, maji ya chupa, mabati: viwanda vingi vya bidhaa hizi, kuanzia Vingunguti hadi kando ya Barabara ya Nyerere, vinaendeshwa na visanduku vya namna hii. Kusudi langu ni kuwaonyesha kwamba kumbukumbu ya kisanduku hiki haiji yenyewe. Lazima awepo mtu aliyeamua mapema mashine ikumbuke nini na isahau nini. Asipokuwepo, giza ndilo litakaloamua.

Nianzie nyumbani, kwenye mita ya LUKU, ile ya umeme wa kulipia kabla. Umeme ukikatika leo jioni mtaani kwako ukiwa na yuniti 14, ukirudi kesho asubuhi utazikuta yuniti zako 14. Hakuna anayeshangaa. Lakini zilikaa wapi usiku kucha, na mita yenyewe ilikuwa imezimika? Ndani yake mna chipu inayotunza kilichoandikwa hata pasipo umeme. Na haitunzi yuniti peke yake. Inatunza pia habari za tokeni ulizokwisha kuingiza, maana bila hivyo mtu angezima swichi kubwa, akaiwasha, akaingiza zile zile tarakimu 20 za juzi na kupata umeme wa bure.

Mnakumbuka mwaka 2024 tulipotakiwa kuingiza seti mbili za tarakimu 20 kabla ya zile za umeme wenyewe. Jirani zangu kadhaa waliona ni usumbufu. Kisa kilikuwa kumbukumbu. Mfumo wa tokeni tunaoutumia sisi na nchi nyingine nyingi unaitambua kila tokeni kwa hesabu ya dakika tangu Januari 1, 1993, na hesabu hiyo ilipewa nafasi ya biti 24. Biti 24 zinabeba dakika 16,777,216, basi. Dakika hizo ziliisha Novemba 24, 2024. Baada ya hapo hesabu inaanza upya, na mita yenye kumbukumbu ya tokeni za zamani ingezikataa tokeni mpya kwa kuziona ni za kale. Zile tarakimu tulizoingiza ziliibadilishia mita ufunguo na kuifutia kumbukumbu ya tokeni zilizopita. Tuliifundisha mita kusahau ili iendelee kutuhudumia. Jambo hili mliweke akilini, nitalirudia.

Hoja ya kwanza: kwa mashine, umeme haukatiki ghafla kama unavyokatika kwetu.

Umeme wetu una mizunguko 50 kwa sekunde, kila mmoja milisekunde 20. Ndani ya PLC mna kapasita zenye akiba ya kuvuka pengo fupi, kama milisekunde 10 au zaidi kidogo. Taa ikipepesa, mashine inaweza isijue lolote. Pengo likirefuka, kisanduku kinagundua kwamba umeme unaondoka, na katika sehemu ile ndogo ya sekunde iliyobaki kinaacha kazi, kinazima amri zake, na kinayaweka salama yale kiliyoagizwa kuyatunza. Mambo mengi ya heri na ya shari huamuliwa katika muda huo, ambao ni mfupi kuliko kufumba na kufumbua jicho.

Lakini yanawekwa wapi? Hapo ndipo historia inapotusaidia. Zamani mashine ziliongozwa na ukuta mzima wa rilei, yaani swichi zinazoendeshwa na umeme. Programu ilikuwa nyaya zenyewe, na nyaya hazisahau. Umeme ukikatika mwaka mzima utazikuta zimefungwa vile vile. Mwaka 1968 kampuni ya General Motors ya Marekani ilitafuta kifaa cha kuchukua nafasi ya kuta hizo, kwa kuwa kila gari jipya lilimaanisha kufumua nyaya na kuzifunga upya. Dick Morley na wenzake huko Massachusetts wakatoa Modicon 084. Faida ilikuwa kubwa: sasa ungebadilisha kazi ya mashine kwa kuandika, bila kushika bisibisi. Hasara yake haikuonekana mara moja. Kilichokuwa waya sasa kimekuwa maandishi, na maandishi yanaweza kufutika.

Vidhibiti vya mwanzo vilitumia vipete vidogo vya sumaku vilivyosukwa kwenye nyaya nyembamba, na sumaku hubaki na hali yake bila umeme. Kisha zikaja chipu za bei nafuu, zenye kasi, ambazo zina kasoro moja: umeme ukiondoka, kila kitu kinapotea. Ndipo betri ikawekwa pembeni ya chipu, na ndipo matatizo yetu yalipoanzia.

Hoja ya pili, na hapa mafundi nawaomba mnisikilize kwa makini: betri hiyo ilipigiwa hesabu za nchi nyingine.

Umeme wa shirika la TANESCO ukiwepo, kumbukumbu inajilisha kutoka huko na betri ya lithiamu inapumzika. Umeme ukikatika, betri inaingia zamu. Kiwanda ambacho umeme wake hauondoki mwaka mzima, betri yake inalala tu mle ndani. Kwetu, penye mgao, penye transfoma linalolipuka mvua ikinyesha, penye siku kama ile ya Aprili 1, 2024 gridi ya Taifa ilipopata hitilafu na nchi ikawa gizani, betri ni mlinzi asiyepata likizo.

Liongezeni joto. Vitabu vya watengenezaji huandika kwamba betri itadumu kama miaka 5, na pembeni, kwa herufi ndogo: kwenye nyuzi 25. Twendeni pamoja kwenye paneli moja chini ya paa la bati, mwezi wa Februari, saa nane mchana. Nje ni nyuzi 32. Ndani ya paneli iliyofungwa, yenye transfoma na kontakta zinazochemka, nimewahi kuweka kipimajoto nikasoma 47. Lithiamu inajimaliza haraka kwenye joto hilo hata kama hakuna anayeitumia. Na kapasita, ambayo baadhi ya PLC huitumia badala ya betri, ndiyo mbaya zaidi. Chukueni PLC ndogo ya Siemens, S7-200 yenye CPU 222, ambayo bado ipo katika viwanda vyetu. Kapasita yake hutunza data za kazi kwa saa 50 kwa kawaida. Kwenye nyuzi 40, kitabu chake kinaahidi saa 8 tu. Umeme ukikatika saa kumi na mbili jioni, ahadi hiyo inaisha saa nane usiku, kabla hata jogoo hajawika. Fundi anayekumbuka zile saa 50 analala usingizi mzuri, asubuhi anakuta kaunta zote zinasoma sifuri.

Na kuna giza refu kuliko usiku mmoja. Wenzetu wa Unguja walipoteza umeme unaotoka bara kwa njia ya waya wa baharini mwezi Mei 2008, wakakaa karibu mwezi mzima. Desemba 2009 wakapatwa tena, na hadi Machi 2010 walikuwa wakiishi kwa jenereta na mishumaa. Hakuna kapasita ya PLC inayovuka bahari ya miezi mitatu. Betri mpya inaweza kuvuka. Betri yenye miaka saba iliyozeeka kwenye joto la pwani haiwezi.

Sasa lile linaloumiza zaidi. Betri ya PLC hubadilishwa umeme ukiwa umewashwa. Najua tumefundishwa kuzima kabla ya kugusa, na ni sahihi. Mimi mwenyewe nimewafundisha hivyo vijana wengi. Lakini sehemu ya betri imetengwa mahali pake kwa makusudi, yenye volti ndogo, ili fundi aifikie kisanduku kikiwa hai, kwa kufuata kitabu cha kifaa chake. Ukizima kwanza, unabaki na ile kapasita ndogo peke yake. Kwa baadhi ya PLC za Omron kitabu kinakupa dakika 5 za kutoa ya zamani na kuweka mpya. Dakika 5, na betri yenyewe bado iko dukani Kariakoo! Nimeona programu ya miaka kumi ikipotea mikononi mwa fundi mwangalifu, mwenye glovu, aliyefuata kanuni ya usalama aliyoijua.

Betri ya zamani isitupwe jalalani. Nalisema hili Tabata, ambako mtaa mmoja hadi leo unaitwa Dampo. Wazee hawa waliokaa mbele wanaukumbuka moshi wa taka. Wanakumbuka pia kesi ya mwaka 1988, wakazi wa hapa walipokwenda Mahakama Kuu kulizuia Jiji lisimwage taka zake kwenye makazi yao, na wakapewa haki. Watu waliolipigania eneo lao namna ile wasiletewe lithiamu kwenye mfuko wa taka za jikoni.

Hoja ya tatu: si kila kitu kinafaa kukumbukwa, na hapa narudi kwenye ile mita tuliyoifundisha kusahau.

Vijana wengi wakishajifunza kwamba data zinaweza kutunzwa, wanataka kutunza zote. Ninawaelewa. Lakini nisikilizeni.

Nilipokuwa kijana nilifanya kazi kwenye kiwanda kimoja chenye kichanganyio kikubwa cha visu. Aliyeandika programu alikuwa ametumia PLC ya Mitsubishi ya jamii ya FX2N. Kwenye kifaa hicho, kumbukumbu ndogo za ndio na hapana zimegawanywa: M0 hadi M499 zinasahau umeme ukikatika, M500 hadi M1023 zinakumbuka. Kwa macho, kati ya M100 na M600 tofauti ni tarakimu moja. Yule bwana aliiweka alama ya “mashine inafanya kazi” kwenye zile zinazokumbuka. Mchana mmoja umeme ukakatika. Kijana wa usafi akaona visu vimesimama, akafungua mfuniko usiokuwa na swichi ya usalama, akaingiza mkono hadi begani kukwangua mabaki. Akachoka, akajitoa kwenda kunywa maji. Alikuwa amepiga hatua tatu au nne umeme uliporudi. Mashine ilikumbuka kwamba ilikuwa ikifanya kazi, ikaendelea. Tulisimama pale tukivitazama visu vinavyozunguka, na hakuna aliyeweza kusema neno. Kijana yule alikaa sakafuni akaanza kulia.

Kontakta ya kizamani, yenye kitufe cha kijani na chekundu, isingefanya hivyo. Inajishikilia kwa mguso wake yenyewe. Umeme ukiondoka inaachia, na ukirudi inasubiri mkono wa mtu. Wahandisi wa zamani waliielewa thamani ya kusahau. Amri ya kuwasha haitakiwi kuvuka giza. Kila mara mashine iulize upya: nianze?

Basi nini kivuke? Jumla ya magunia yaliyopita kwenye mizani, ivuke. Saa ambazo mota imefanya kazi tangu ipakwe grisi, zivuke. Mapishi, kwa maana ya vipimo vya kila bidhaa, yavuke bila mjadala. Lugha za kuandikia programu zimelipa jambo hili neno lake. Katika kanuni za kimataifa za IEC 61131-3, zilizotoka mara ya kwanza mwaka 1993, mwandishi anaweza kutangaza wazi kwamba thamani fulani ni ya kutunzwa. Nawaomba mlitumie neno hilo kama mnavyotia sahihi, mkijua mnachokikubali.

Gumu zaidi ni hatua ya kazi. Fikirini sufuria la sabuni la lita 3,000. Umeme unakatika katika hatua ya 7, mafuta yakiwa yamechemka na magadi yakiwa yameingia nusu. Unarudi baada ya saa sita. PLC iliyotunza hatua inasema kwa uhakika kabisa: tupo hatua ya 7, endelea kumimina magadi. Haikukosea, hatua ilikuwa ya 7 kweli. Ila sufuria limepoa, mchanganyiko umeganda, na pengine mzee wa zamu amekwisha kuongeza magadi kwa ndoo ili kuokoa mali. Mashine ina kumbukumbu sahihi ya jambo ambalo si kweli tena. Programu nzuri ikiamka inasoma kwanza vihisi: joto ni ngapi, kina ni kiasi gani, vali ipo wazi au imefungwa? Ikilinganisha kumbukumbu yake na hali halisi na kuona haviendani, inasimama na kumwita mtu. Kuandika sehemu hiyo kunachukua siku mbili au tatu zaidi, na wateja wengi hawataki kuzilipia. Zidaini siku hizo.

Hoja ya nne: nakala.

Nitasimulia kisa cha kiwanda kingine, ambacho sitakitaja. Ilikuwa sikukuu ya Pasaka. Ijumaa Kuu swichi kubwa ikazimwa ili kubana matumizi, kila mtu akaenda nyumbani. Taa nyekundu ya betri kwenye PLC ilikuwa ikiwaka kwa miezi. Mtu alikuwa ameibandika karatasi ya gundi kwa sababu ilimkera. Jumanne asubuhi paneli ikawashwa, na PLC ikawa tupu. Hapakuwa na programu hata mstari mmoja. Kampuni iliyofunga mtambo ilikuwa imekwisha kufungasha na kurudi kwao miaka mingi nyuma. Nakala ilikuwa kwenye kompyuta ya fundi mmoja aliyehama kazi, na kompyuta ile ilikuwa imeuzwa.

Tukakaa siku kumi na moja. Tulifuata waya mmoja mmoja kwa mita, tukichora. Lakini michoro inakuambia nini kimeungana na nini. Haikuambii kipi kinatangulia, wala kinasubiri muda gani. Aliyetuokoa alikuwa mwendeshaji mashine, mzee mmoja aliyekuwa amebakiza miezi michache kustaafu. Hakuwahi kuona programu maishani mwake. Alisimama katikati ya mtambo, akafumba macho, akaanza: “Hapa kwanza unasikia hewa, fyuu. Kisha kimya. Unahesabu pole pole hadi ishirini, ndipo mkanda unaanza. Mkanda ukishaanza, vali ya juu inagonga mara mbili.” Mimi nikiandika. Tulijenga upya programu nzima kutoka kwenye masikio yake. Tulipoiwasha siku ya kumi na moja, alisikiliza, akatikisa kichwa, akasema vali inagonga mapema. Tukaongeza sekunde mbili. Akasema, “Ndiyo yenyewe.”

Nimekifikiria kisa hiki kwa miaka mingi. Kiwanda kile kilidhani kumbukumbu yake iko kwenye chipu, kumbe nusu yake ilikuwa kichwani mwa mtu asiyeandikwa popote, na angeondoka nayo Julai.

Kwa hiyo nakala. Moja ikae kwenye kadi ya kumbukumbu ndani ya kifaa chenyewe, kama kinayo nafasi yake. Nyingine kwenye kompyuta ya kiwanda, si ya fundi. Ya tatu nje ya kiwanda, maana moto nao huja. Na kila programu inapobadilishwa, hata taima moja ikiongezwa sekunde mbili, nakala zote zibadilishwe siku hiyo hiyo. Nakala ya mwaka juzi inaweza kuwa hatari kuliko kukosa nakala, kwa kuwa inafanana sana na ile ya kweli. Kisha, daftari. Ndani ya mlango wa paneli litundikwe daftari lenye tarehe ya betri, jina la aliyeibadilisha, na maelezo ya mtambo kwa maneno ya mwendeshaji: unasikia nini, unahesabu hadi ngapi.

Hoja ya tano ni fupi. Kijana mmoja aliniuliza kabla sijapanda hapa: “Mzee, haya si mambo ya zamani? PLC za siku hizi hazina betri.” Kweli, nyingi hazina. S7-1200 ya Siemens, kwa mfano, inatunza programu na data zilizochaguliwa kwenye kumbukumbu ya kudumu. Lakini saa yake ya ndani inashikiliwa na kapasita, siku 20 kwa kawaida, na siku 12 kwenye nyuzi 40. Kiwanda kikifungwa mwezi mmoja, mashine inaamka na programu kamili huku haijui leo ni tarehe ngapi, halafu inaanza kuchapa tarehe ya kutengenezwa kwenye pakiti za chakula cha watoto wetu. Tena kumbukumbu ya kudumu inachoka kwa kuandikwa. Kwenye ile S7-200 niliyoitaja, uhakika wa chini ni kuandika mara 100,000. Inaonekana nyingi. Fundi akikosea akaagiza iandike kila mzunguko wa programu, na mzunguko ni milisekunde 10, mara 100,000 zinafika ndani ya sekunde 1,000. Hata dakika 17 hazitimii. Tatizo halikuondoka pamoja na betri. Limehamia mahali pasipo na taa nyekundu.

Ndugu Mwenyekiti, naona unaitazama saa, nami namalizia.

Bwawa la Julius Nyerere limeleta uwezo wa megawati 2,115, na mashine ya kwanza kati ya 9 iliwashwa Februari 2024. Hiyo ni habari njema kwa kila mwenye kiwanda. Lakini kati ya bwawa hilo la Rufiji na paneli ya Vingunguti kuna nguzo, nyaya, transfoma na mvua ya masika, na kukatika kwa umeme kutakuwepo kwa muda. Viwanda vitaongezeka, vikiwa na PLC mpya kwa mamia, na zile za zamani zitauzwa kwa bei rahisi kwa wenye viwanda vidogo: wasaga unga, watengeneza juisi, wakamua alizeti. Huko ndiko vijana hawa watakakokwenda kufanya kazi, na huko hakuna mhandisi wa ng'ambo wa kupigiwa simu.

Ndiyo maana Jumamosi ijayo saa nne asubuhi tunakutana tena katika ukumbi huu. Nitaleta PLC tatu za aina tofauti juu ya ubao, mbili zikiwa na betri zilizochoka. Kila mmoja atabadilisha betri umeme ukiwa umewashwa. Kisha nitazima swichi kubwa bila kuwaambia, na tutaona kwa pamoja kila kifaa kimekumbuka nini. Njooni na madaftari. Na kama kiwandani kwenu kuna mwendeshaji mashine anayekaribia kustaafu, mwombeni naye aje. Nimemtengea kiti cha mbele, na tutaanza na yeye.